Maji ya Bahari Yaliyobaki Kifuani

Kama unasoma haya ukiwa umeegemea mito mitatu, kwa sababu ukilala bapa pumzi inakukimbia, nakusalimu kama ndugu wa tumbo moja. Mimi nilikaa hivyo tangu mapeasi yakiwa mtini mpaka ukungu wa kipupwe uliposhuka mabondeni. Mambo ya dawa watakueleza madaktari. Mimi nitakueleza mambo ya kitandani, na namna mtu wa milimani anavyoweza kuugua bahari akiwa amerudi kwake, juu kabisa, mahali ambapo hata chumvi inafika kwa gari.

Watu wananiita Baba Neema. Nalima karoti na kabichi juu kidogo ya Mlalo, na nilirudi shule nikiwa tayari na mvi. Nilisoma masomo ya jioni, nikasinzia juu ya kitabu cha jiografia mara nyingi kuliko nyota zilizoko mbinguni, na mwisho wa yote nikafaulu kidato cha nne. Matokeo yalipotoka darasa letu zima liliona haifai kushangilia kwa soda peke yake. Kulikuwa na wauza nyanya, fundi cherehani, na bibi mmoja mwenye wajukuu, na wengi wetu bahari tulikuwa tumeichora kwenye ramani tu. Tukakodi gari, tukateremka mpaka upande wa Pangani.

Tulichagua ufuo mtupu. Hakuna hoteli, hakuna kibanda, hakuna mtu. Waogaji wote walikuwa mbali upande mwingine, na sisi hatukutaka watu wa pwani waone jinsi Msambaa anavyooga baharini na soksi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikodisha mipira ya magurudumu ya lori kule kwa waogaji alitufuata akitembea juani.

"Jamani wageni, watu wanaogelea kule," alisema.

"Asante ndugu yetu, hapa panatutosha," nilimjibu, maana mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa safari.

Akatutazama, akatikisa kichwa, lakini hakurudi kwake. Alikaa juu ya gogo kando yetu na mpira wake na kamba yake. Leo nikimwombea mtu yeyote nje ya ukoo wangu, namwombea huyo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana mtu wa pwani hawezi kulifanya. Kwetu mtoto anafundishwa kuvuka mto kabla hajafundishwa kuhesabu. Mto ukijaa unasimama, unatazama. Pale maji yanapopiga kelele na kutoa povu pana mawe, patakuvunja mguu. Pale palipotulia ndipo unapopita. Nimevuka hivyo maisha yangu yote, na mzigo wa kabichi kichwani, na mvua ikinipiga usoni.

Nikaitazama bahari kama ninavyoutazama mto. Kushoto mawimbi yanapasuka, meupe. Kulia yanapasuka, meupe. Katikati kuna njia ya maji ya kijani iliyotulia kama supu iliyopoa, na wala haikuwa nyembamba.

"Njia hii hapa!" niliwaita wenzangu, sauti ya mtu aliyefaulu jiografia.

Bakari, mwenzangu wa dawati moja na mkulima mwenzangu wa bustani, alikunja suruali mpaka magotini na kusimama hapohapo. "Wewe nenda," alisema. "Mimi nimekuja kuiona, sikuja kuionja."

Nikaingia. Maji yakafika kiunoni, kisha kifuani, kisha nikahisi mchanga unaondoka chini ya nyayo zangu kana kwamba mtu anavuta mkeka. Nilipogeuka, Bakari alikuwa mdogo kama kidole. Sikuwa nimepiga hata hatua moja ya ziada. Maji yenyewe yalikuwa yananipeleka, kimya kimya, bila povu wala kelele.

Hapo nikafanya kosa la pili la mtu wa mto. Mtoni ukichukuliwa unakazana moja kwa moja kuelekea ukingoni, maana ukingo uko karibu. Nilikazana. Nilipiga mikono na miguu mpaka nikaona giza mchana, na ufuo ukazidi kwenda mbali. Nikafungua mdomo nipige kelele, bahari ikaingia yote. Nilikunywa kiasi kwamba samaki wa Pangani siku ile walibaki wakitembea kwa miguu.

Kisha nikasikia sauti kando yangu. "Acha kupigana! Lala! Lala chali, tazama juu!"

Ni yule wa mipira. Alinisukumia mpira wake, nikaukumbatia kama mama aliyempata mtoto wake aliyepotea. Hakunivuta kuelekea nchi kavu, na nilidhani amechanganyikiwa. Alinivuta kando, sambamba na ufuo, mpaka tulipofika kwenye yale mawimbi meupe niliyoyakimbia. Mawimbi yakatubeba yenyewe, yakatutupa mchangani kama magunia ya viazi.

Nilitapika, nikakohoa, nikatapika tena. Yeye alichuchumaa mbele yangu.

"Nani kakwambia upite pale?"

"Palikuwa pametulia."

"Pametulia kwa sababu maji yote yanayokuja huku yanarudi kwa njia ile. Umeingia kwa mlango wa kutokea, mzee." Kisha akamgeukia Bakari. "Mpelekeni hospitali leo hii. Maji ya kifuani hayana haraka."

Ningemsikiliza, haya yote yangeishia hapo, nawe ungekuwa unasoma kitu kingine. Lakini nusu saa baadaye nilikuwa nacheka. Nilikula wali wa nazi sahani mbili. Garini niliongoza nyimbo mpaka Mombo. Wenzangu wakasema, kama anaimba basi amepona. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika: mtu aliyevuta maji ya bahari kifuani apelekwe akapimwe siku hiyohiyo, hata kama anacheka, hata kama anaongoza kwaya.

Tulipoanza kupanda kona za kuelekea Soni nyimbo zilinikauka. Kikohozi kilianza kidogo, cha adabu. Kufika nyumbani kilikuwa kinaamsha kuku wa vijiji vitatu. Baada ya hapo ikaja homa, na kichomi upande wa kulia, kana kwamba mtu amesahau mundu ubavuni mwangu. Zahanati walinisikiliza kifua, wakatazamana, wakaniandikia kwenda hospitali bila kunifanyia utani wowote. Muuguzi wa zahanati yetu huwa ananitania hata nikiumwa jino. Aliponyamaza niliogopa.

Benchi la kungojea hospitalini nalijua kuliko ninavyolijua shamba langu. Ni la mbao, limechubuka katikati, na linaelekea mlango ambao kila ukifunguka watu wote wanainua shingo kama bata. Mke wangu, Mama Neema, alikaa kulia kwangu. Mama yangu mzazi, aliyekataa kubaki nyumbani, alikaa kushoto. Nami katikati nilipumua kama mbwa aliyekimbizwa na nyuki.

Lazima nieleze hawa wawili walikuwa wamefikaje kununiana. Mke wangu ndiye aliyenitia moyo nisome. Mama yangu alipinga tangu mwanzo. Alisema mtu mwenye mvi anayebeba daftari anamkaribisha shetani. Nilipoanza kuumwa hukumu yake ilikuwa tayari: kitabu ndicho kilichonipeleka baharini, na aliyenipeleka kwenye kitabu anajulikana. Kuanzia hapo waliacha kusemeshana. Waliongea kupitia kwangu.

"Mwambie mkeo huo uji umepoa."

"Baba Neema, mwambie mama uji nimeuweka upoe makusudi."

"Mwambie sisi tulikulea kwa uji wa moto."

Na mimi pumzi ya kusema "mama" peke yake ilikuwa hainitoshi. Niliinua kidole kulia, nikainua kidole kushoto, kama trafiki wa njia panda.

Picha ya kifua ilitoka. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wa kulia ulikuwa mweupe kama shati la kipaimara. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alisema pafu limebanwa na usaha, na kwamba usaha hauponi kwa vidonge ukiwa umefungiwa. Lazima utolewe. Nililazwa saa ileile.

Nilichomwa sindano asubuhi na jioni mpaka nikaogopa kunywa maji, nisije nikavuja. Kisha wakanitoboa ubavuni, wakapitisha mpira, na ule mpira ukaingia kwenye chupa kubwa yenye maji iliyokaa sakafuni kando ya kitanda. Nikipumua, maji ya chupa yanapanda na kushuka. Nikikohoa, yanatoa mapovu, na usaha unateremka. Sitaeleza harufu. Jirani yangu wa kitanda, mkulima wa chai kutoka Mponde, aliomba ahamishiwe dirishani, akaomba radhi, nikamwambia hata mimi ningehama kama ningeweza kujiacha pale.

Nilikwenda nayo chupa ile kila mahali. Chooni nilikwenda nayo mkononi, chini ya kiuno, kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa. Sista wa wodi alituonya sote siku ya kwanza: chupa isiinuke juu ya kifua, hata kidogo, hata kwa sekunde. Ikiinuka, maji yake na uchafu wote vinamrudi mgonjwa ndani. Mama yangu siku hiyo alikuwa ametoka kwenda kutafuta maji ya moto. Hakusikia.

Mwili wangu ulibadilika. Mashavu yalikwenda, makalio yakayafuata. Pete ya ndoa ilianguka yenyewe nikinawa, Mama Neema akaivaa yeye kwenye kidole gumba. Nilikonda mpaka ningeweza kujificha nyuma ya mwiko. Binti yangu Neema alipoletwa kuniona alisimama mlangoni akauliza, "Baba yuko wapi?" huku ananitazama.

Bakari alikuja kila gulio lilipomalizika. Alinong'ona kwamba karoti zangu amezivuna, na kwamba darasa zima limeacha kula samaki kwa heshima yangu. Nilicheka, nikaumia, nikamfukuza.

Masika ilikuwa imeanza, mvua inapiga mabati, na ilikuwa wakati wa kutazama wagonjwa, ndipo mama yangu alipoiona chupa kwa mara ya kwanza kwa makini. Wageni wa kitanda cha pili walikuwa wengi na walipita wakiiruka. Kwetu kilichotoka mwilini mwa mtu hakirukwi. Ni kama kumruka mwenyewe akiwa amelala. Ni kumtakia mabaya.

"Maji ya mwanangu watu wanayaruka na viatu?" alisema.

Akainama, akaikamata shingo ya chupa kwa mikono miwili, akaanza kuiinua aiweke juu ya kabati la kitanda.

Nilimwona. Nilitaka kusema. Pumzi niliyovuta haikutosha neno. Niliona maji ndani ya mpira yameanza kutembea, yanakuja kwangu, yale maji machafu, polepole na bila kelele. Nikajua ninavyokwenda kuzama mara ya pili, safari hii kitandani, mchana, nimezungukwa na watu wenye maandazi.

"Mama! Weka chini!"

Alikuwa mke wangu, mlangoni, na bakuli mkononi. Sauti yake ilipita wodi nzima. "Weka chini hiyo chupa! Weka chini!"

Kwetu sisi mwanamke hapandishi sauti mbele ya mama mkwe. Hata moto ukiwaka anasema, "Mama, naona kama kuna moshi." Yule mzee wa Mponde alifumba macho kama mtu aliyeona ajali. Mama yangu aliishusha chupa, taratibu, akaikalisha sakafuni. Sista alifika mbio, akabana mpira, akanitazama, akasikiliza kifua. Mama alifunga vizuri kitenge chake, akatoka bila kuaga.

"Umemwokoa," sista alimwambia mke wangu.

"Nimemfokea mama mkwe wangu," alijibu, akaanza kulia akiwa bado ameshika bakuli.

Kesho yake mama hakuja. Wala siku iliyofuata. Na daktari akaleta habari ambayo ilinifanya nisahau hata ugomvi. Usaha ulikuwa umepungua, lakini pafu halikufunguka. Limejikunja kama jani lililonyauka. Alisema atapiga picha nyingine wiki ijayo. Likiwa bado limejikunja, nitapelekwa hospitali kubwa huko chini, nikafunguliwe kifua.

"Na wakishakifungua?" niliuliza, maneno mawili mawili.

"Wengi wanapona," alisema. Aliangalia kalamu yake aliposema hivyo.

Akanipa glovu ya mpira, zile za kuvaa mkononi. Kazi yangu ni kuipuliza mpaka ijae, kutwa nzima, kila nikipata nguvu. Mtu aliyefaulu kidato cha nne! Nilipuliza. Kidole kimoja kilisimama, kikalala. Nilipumzika nusu asubuhi. Nikapuliza tena, kidole kikasimama, kikalala. Mama Neema alinitazama kwa upole, akasema vizuri sana mume wangu, na ule upole ulinitisha kuliko daktari. Mke wangu hajawahi kunisifu kwa kidole kimoja.

Mama alirudi siku ya tatu, na viatu vimejaa tope. Mke wangu alisimama, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alikaa. Kisha, bila kupitia kwangu, kwa Kisambaa, lugha anayotumia akiwa hana muda wa kuzunguka, akamuuliza: ni kweli yale maji yangemrudi mwanangu kifuani?

"Ni kweli, mama."

Mama alikwangua tope la kiatu chake. Mvua ilipiga mabati.

"Basi ulichelewa kupiga kelele," alisema.

Hayakuwa maneno matamu. Mke wangu hakuyangoja matamu. Alikaa chini kando yake, na nikaona mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Mama alinigeukia, akaona glovu imelala juu ya shuka.

"Hiyo ni nini?"

Nikamwonyesha. Kidole kimoja. Kikalala.

"Ndivyo unavyopuliza? Hujawahi kuwasha moto wa kuni mbichi?" Akamwomba sista glovu ya kwake. Mama yangu, mwanamke aliyezaa watoto tisa na kupuliza mafiga maisha yake yote, akaiweka ile glovu mdomoni, akavimbisha mashavu, na glovu ikajaa vidole vyote vitano ikasimama kama kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Wodi nzima iliangua kicheko. Mzee wa Mponde alisema huyo ndiye aliyepaswa kwenda baharini. Nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatikisa chupa, mapovu yakapanda kama sufuria inayochemka.

"Tena," mama alisema. "Mchekesheni tena."

Kuanzia hapo alikaa nami kutwa, glovu kwa glovu. Hakunionea huruma. Nikisimamisha vidole viwili alisema mtoto wa jirani ana vitatu. Mke wangu alinishika mgongo nisianguke mbele. Nililia, nikatukana kimoyomoyo, nikapuliza. Siku ya picha ilipofika nilikuwa nimefikisha vitatu na nusu.

Tulirudi kwenye benchi lile lile. Safari hii walikaa wamekaribiana, na mimi pembeni. Mlango ulifunguka, tukainua shingo, si sisi. Ukafunguka tena, si sisi. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na sikujua kama ananifariji au anahesabu mapigo. Daktari alipotoka aliinua picha kuelekea dirishani. Chini kulia palikuwa bado na utando mweupe. Juu yake palikuwa peusi. Peusi pazuri, kama udongo wa bondeni.

"Linafunguka," alisema. "Hatupasui. Ila usiache kupuliza."

Mpira ulitolewa masika ikiisha. Vidonge viliendelea muda mrefu, na nakusihi umalize vyako hata ukijisikia simba. Nilirudi nyumbani nikipanda mteremko wetu kwa kupumzika kila mti, na kuna miti mingi. Kipupwe kilipokuja sikukohoa. Kovu la ubavuni huwasha kukiwa na ukungu, basi.

Mwezi huohuo shule ya Neema ilitangaza safari ya watoto kwenda kuiona bahari. Mke wangu alisema hapana. Mimi nilisema hapana kabla hajamaliza. Mama yangu, aliyekuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Mkimkataza, siku moja atakwenda bila ninyi," alisema. "Aende. Na wewe unayejua pa kufia, nenda ukapazibe."

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama Pangani mara ya pili. Yule mtu wa mipira tulimtafuta kabla watoto hawajashuka garini, tukaenda pale alipotuelekeza, kwa waogaji. Aliwafundisha watoto kulala chali, kuinua mkono mmoja wakichukuliwa, na kutopigana. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili, mbali kidogo, kwenye ukanda wa kijani uliotulia katikati ya mawimbi meupe.

Watoto wa milimani wana macho ya milimani. Waliuona kabla hajamaliza kuonyesha. Mmoja aliniuliza, "Baba Neema, mbona tusiogee pale? Pale ndipo pazuri."

Nilitembea mpaka pale, nikasimama mchangani na viatu vyangu, bahari ubavuni, nikanyoosha mikono kama uzio. Wakati wote walipokuwa majini sikuketi. Kila kichwa kilichosogea upande wangu nilikipigia kelele, kwa jina, juu ya mngurumo wa mawimbi, mpaka walimu wakaniomba nipunguze.

Sikupunguza. Pumzi nilikuwa nayo.